Pale Penye Bembea

Jumamosi, 14 Juni
Wameondoka. Blessing dirishani, Eli kakumbatia mfuko wa ndizi mbivu kama anahama nchi! Kondakta kaapa kuwakabidhi kwa baba yao mkono kwa mkono. Wiki tatu Dar.
Sikutaka. Lakini Eli alilia siku mbili, dada yake akaninunia, nikasema haya, nendeni. Mchelea mwana kulia hulia yeye. Naliandika kabisa nisije nikajifanya sikujua.
Wilbard hajapanda huku Chome miaka mitatu. Ana mtu wake huko. Watoto kaniachia mimi, mama yake mzazi kaniachia mimi. Leo ghafla kakumbuka kuwa ni baba.

Jumatano, 18 Juni
Nimepanda hadi kanisani, ndipo mtandao unaposhika. Video tatu! Bwawa la kuogelea, maji ya buluu, Eli kavaa boya la bata anapiga kelele za raha. Huyohuyo anayekimbia beseni hapa nyumbani! Nimecheka peke yangu.
Kisha nikairudia, nikamwona Blessing nyuma, anacheka na msichana mwingine. Kichwa kakirusha nyuma kabisa. Mwaka huu hajacheka hivyo hapa. Niliteremka na ukungu.

Jumapili, 22 Juni
Makumbusho. Aiskrimu. Jana wamepanda treni ya umeme hadi Morogoro, wakala chipsi, wakarudi. Safari ya kwenda kula chipsi!
Mama mkwe kafurahi: baba yao anajitahidi. Nikaendelea kumenya magimbi. Nimemenya mengi kuliko tunavyoweza kula.

Jumatano, 25 Juni
Eli kwenye simu, hapumui. Eti leo baba kawapeleka mahali pazuri kuliko pote — bembea, slaidi, twiga amechorwa ukutani. Nikamuuliza, watoto walikuwa wengi? Hapana, hamna watoto, wamefunga. Yupo mwalimu mmoja tu. Kampa karatasi ya hesabu, kamsomesha kitabu cha Kiingereza, alipomaliza ndipo akaruhusiwa kubembea.
— Mama, nimepata kumi na nane kati ya ishirini!
Hongera, baba. Nikamwambia nipe dada. Dada anaoga, akasema. Na nikamsikia Blessing palepale karibu na simu: mwambie naoga.
Hayo si matembezi. Mwanangu kafanyishwa mtihani wa kuingia shule, naye anadhani alikuwa anacheza.

Ijumaa, 27 Juni
Nimemfuata Mwalimu Fanueli shambani kwake. Mkuu wa shule yetu, mtu mpole, hawezi kuficha kitu usoni. Ndiyo, Baba Blessing kapiga simu, anataka namba za usajili za watoto. Namba hizo haziombwi bure, huombwa mtoto akihama.
— Nilidhani mmekubaliana, Mama Blessing.
Tumekubaliana wapi! Hajazituma bado. Nimemsihi asitume. Kasema atachelewesha anavyoweza, lakini baba naye ana haki.
Nimempigia Wilbard. Kwanza: unakuza mambo. Halafu: kwani huko mlimani watapata nini? Simu ikakatika. Au kaikata.
Watani wetu Wachaga wanasema Mpare huuza ng'ombe ili aendeshe kesi ya kuku. Sawa. Ng'ombe ninaye mmoja, na hii si kesi ya kuku.

Jumanne, 1 Julai
Mama mkwe alikuwa anachambua maharage. Nikauliza bila kukaa: mama, ulijua? Akachambua, akachambua. Akasema alijua tangu Pasaka.
— Aliniambia vitu vyao atakuja kuvichukua mwenyewe. Mwanangu sijamwona miaka mitatu. Ningemkataza vipi asije?
Nilitaka kumpigia kelele. Nikakaa chini, nikachambua naye. Nimemkasirikia, na nimemwelewa, yote mawili.
Na kuna jambo siwezi kumwambia mtu. Shule yenyewe inaonekana nzuri. Mimi niliishia darasa la saba. Nikimzuia Blessing leo, akifika umri wangu atasema nini juu yangu?
Lakini nikimwachia — nyumba hii nitaamka kumwandalia nani uji?

Alhamisi, 3 Julai
Ujumbe wa Wilbard. Jumamosi anawaleta mwenyewe. Basi, hakuna neno lingine.
Mama mkwe kamfunga jogoo mguu tayari.

Jumamosi, 5 Julai. Same
Naandika mgahawani, nimeshuka mjini kuwapokea. Gari la Chome linajaza abiria. Jua kali, na mimi nimevaa sweta la mlimani.
Walishuka watatu. Eli kanirukia shingoni karibu aniangushe. Wilbard kanenepa. Kabla sijapokea hata mfuko kasema mbele ya watoto: tunapanda tumsalimie mama, wachukue vitu vyao, Jumatatu tunashuka, shule ya Dar nimeshamalizana nayo.
Nikasema tutaongea nyumbani. Nilijizuia, Mungu ananiona.
Blessing: shikamoo mama. Kasukwa, kapendeza, hanitazami. Nikamvuta pembeni, nikamuuliza ukweli wake. Unataka kukaa kule?
— Nataka.
Kisha akalia, akanishika sweta kwa mikono yote miwili, hataki kuliachia.
Tumekaa kula. Wali umenishinda. Eli kanitazama weee, mwisho akaniinamia sikioni, ila kunong'ona hajui, meza nzima ilisikia.
— Mama, mtihani wako lini?
Mtihani gani, baba?
— Wa pale penye bembea. Sisi tumefaulu. Umebaki wewe tu.
Kasema si mgumu. Hesabu atanifundisha. Wilbard kaweka kijiko chini, sasa anatazama barabara.
Honi. Wamepanda. Wilbard na Blessing mbele. Eli yuko nyuma, kavua viatu vyake vipya kavipanga juu ya kiti cha pembeni yake asikae mtu. Mama mmoja kataka kukaa, kakatazwa!
Wilbard anaita, Mama Blessing, tunaachwa.
Eli kachungulia dirishani, anasubiri jibu. Nafunga daftari, naenda kwenye kiti chenye viatu —