Nimekuwa Abiria

Jumatatu, 3 Machi
Siku ya sita hapa. Leo nimepanda basi peke yangu. Hakuna konda. Kuna mashine mlangoni, unagusisha kadi, inalia pii, imetoka hiyo. Nimemuuliza jirani wa ghorofa ya tatu (ni wa kwetu, ana miaka minane hapa) ni nani anayehakikisha watu wamelipa. Akasema hakuna, ila siku utakayosahau kadi ndiyo siku atakayopanda mkaguzi.
Miaka kumi na tisa nimeendesha lori. Sijui kukaa tu. Dereva akifunga breki, mguu wangu unakanyaga sakafu.

Jumatano, 5 Machi
Nimepitiliza kituo mara mbili. Kumbe kile kitufe chekundu si cha hatari — ndicho cha kuomba kushuka. Mama mmoja alikibonyeza huku anasoma gazeti, nikashikilia kiti nikijua kuna balaa. Basi likasimama taratibu, akashuka zake.
Halafu ratiba inasema saa mbili na dakika kumi na saba. Kumi na saba! Nikasimama na saa mkononi niuone uongo huo. Likaja. Dakika kumi na saba.

Alhamisi, 13 Machi
Nilikuwa nampeleka Mama kliniki ya macho. Nikashuka kwanza ili nimshike mkono. Milango ikafungwa. Basi likaondoka na mama yangu — haoni vizuri, hajui neno hata moja la lugha yao, na karatasi ya anwani iko mfukoni mwangu. Nikakimbia, nikagonga ubavu wa basi, wapi.
Basi lililofuata: dakika kumi na mbili. Nimezihesabu zote.
Nikamkuta kituo cha mwisho, kiti cha mbele kabisa, basi limezimwa. Dereva ni mwanamke mwenye mvi. Alikuwa amemfunika na koti lake la kazi.
"Umechelewa," Mama akasema. "Mwenzangu huyu ana wajukuu wanne. Kanipa vidole nivishike, nivihesabu. Na mimi nimemwambia wewe ni dereva."
"Umemwambiaje?"
Akazungusha usukani hewani. Dereva akaniangalia, akazungusha na yeye, kama anayeuliza. Nikaitikia kwa kichwa.
Kliniki tumeikosa. Tumepangiwa wiki ijayo, jirani atatusindikiza.

Jumapili, 16 Machi
Jirani amenipeleka na gari lake kwenye uwanja wa ghala la mumewe. Geti limefungwa, hakuna mtu. Leseni yangu hapa ni karatasi tu. Usukani uko upande mwingine! Kila nikitafuta gia, mkono unagonga mlango. Mara tatu.
"Kaka," akasema, "ulikuwa unaendesha lori au unapiga hodi?"
Nimecheka mpaka machozi. Tangu tufike sijacheka hivyo.

Jumanne, 25 Machi
Mtihani wa maswali ya leseni, kupitia mkalimani — nimeanguka. Njia panda isiyo na alama, nani apite kwanza? Nikajibu kwa uzoefu: mwenye gari kubwa. Jibu lao: anayetoka kulia. Hata akiwa na baiskeli. Nimewaza njia nzima. Lori linasimama, linamngoja mtu wa baiskeli.

Ijumaa, 11 Aprili
Naandika nikiwa kwenye benchi, karakana ya mabasi. Jana nilifaulu ule mtihani. Na yule dereva mwenye mvi tulimkuta tena siku ya kliniki, akamweleza jirani kwamba hapa wanachukua watu wa kuwafundisha udereva wa basi. Ndiyo maana tumekuja. Jirani ananisomea fomu, mimi nasema, yeye anajaza. Jina. Umri. Umeendesha nini, miaka mingapi. Hapo nilisema mbio mpaka akaniomba nipunguze.
Kisha: sababu ya kuacha kazi ya mwisho. Mstari mfupi kama kidole.
"Niandike ulihama," akanong'ona. "Inatosha."
Inatosha? Siku ya mwisho sikubeba saruji. Nilibeba watu arobaini na mmoja wanaokimbia vita, Mama pembeni yangu, mpaka daraja lililovunjwa. Tukavuka kwa miguu, maji kifuani. Lori nililiacha linanguruma. Sikuweza kulizima.
Karani amefungua dirisha, anatuita kwa mkono. Mistari yote imejaa isipokuwa huo. Jirani ameshasimama, kalamu mkononi, ananingoja. Nimemwambia aandike: Sikuacha. Ananiuliza, sikuacha nini. Namwambia: kazi.