Kwa Baba Walter, Aliyelitoa Pipa Chumbani

Mwaka umetimia, Baba, tangu asubuhi ile ya Mei moyo wako ulipochoka ukatuacha. Watu walituambia tutazoea. Hatujazoea, na tumeacha kujifanya.

Jumapili ndizo zinazotuuma zaidi. Ulikuwa ukitoka kanisani, hata koti hujavua, unalivuta lile pipa la bluu na kutandaza vitu vyote mkekani: unga, chumvi, sukari, kibiriti ndani ya chupa ya kahawa, sufuria moja, dawa ya kutibu maji, redio ya betri, simu ndogo yenye tochi, ile ya mulika mwizi, iliyojaa chaji, vyeti vyetu vya kuzaliwa vimefungwa kwa nailoni. Tarehe za dawa ulizisoma ukizishika mbali kabisa na macho, kwa sababu miwani uliyonunuliwa na binti yako Irine ulisema ni ya wazee. Na ulikuwa na miaka sabini na moja!

Mama alikuuliza kama tunahamia Tanzania.

"Mama Boaz, wewe cheka tu," ukamjibu. "Siku hii mto itavunja kingo, utaniuliza sukari iko wapi."

Hukuwa mwoga. Boma letu liko karibu na mto Kuja, na ulikuwa umepoteza mbuzi na mahindi ya kutosha. Lakini hasa ulikuwa na Liz, mjukuu wako, mtoto wa Boaz na Dorine. Liz ana selimundu. Akilowa, baridi ikimwingia, maumivu humkamata kwenye mifupa hadi tunaogopa kumpoteza. Pipa lile lilikuwa lake kabla ya kuwa letu.

Atakayetaka kujua ulikuwa mtu wa aina gani amuulize Dorine. Miaka mitatu iliyopita wewe ulikuwa kwenye cherehani yako sokoni Migori, Boaz yuko Isebania na lori, Mama ameenda mazishini Kisegi. Dorine alibaki peke yake na Liz, wakati huo ana miaka minne. Jua lilikuwa linawaka, ila mvua ilikuwa imenyesha kule juu Kisii, na saa nane mchana mto ukaingia uani.

Pipa lilikuwa chini ya kitanda chako. Wewe uliyekumbuka hata chumvi hukukumbuka kwamba kwa mila yetu mke wa mwanao havuki mlango wa chumba unacholala. Dorine, uliyemwita nyar Rusinga, binti wa Rusinga, alilelewa huko kwa adabu zote. Alisimama pale mlangoni, mtoto mgongoni, maji yakimpanda miguuni, akakupigia simu.

"Baba, maji imeingia kwa nyumba. Na pipa iko kwa chumba yenu."

"Ingia uichukue."

"Hiyo siwezi, Baba. Nikivunja mwiko, laana ya chira itashika mtoto."

"Nyar Rusinga, sikiza. Ni mimi nimekutuma. Kama kuna chira, itanitafuta mimi hapa Migori. Ingia!"

Aliingia. Lakini woga ule ulikuwa umekula muda, na alipofika shuleni mlimani Liz alikuwa amelowa hadi shingoni. Jioni mtoto alikuwa analia mifupa. Tulikaa naye hospitalini siku tisa.

Hukumlaumu Dorine hata kwa jicho. Ulikuja wodini, ukasimama mbali kidogo kama baba mkwe anavyopaswa, kofia mkononi, ukamwambia, "Kosa ni yangu. Nilipanga hiyo kitu kama mtu anaishi peke yake." Wazee wawili wa ukoo walipokuja kuuliza habari za mwiko, uliwanywesha chai ukawaambia chumba ni chako na mkwe ni wako. Dorine alikuwa jikoni akisikia yote. Anasema tangu siku hiyo aliacha kujiona mgeni.

Ukalitoa pipa chumbani, ukaliweka sebuleni nyuma ya mlango, mahali pa kila mtu. Ukamshonea Liz mfuko wa dawa kwa turubai la lori, mishono miwili miwili. Na ukamfundisha Dorine asiangalie mawingu ya kwetu, aulize ya Kisii. Ulimpa namba ya Onyancha, rafiki yako anayeuza vitambaa kule, ukamwambia rafiki huyo akipiga simu, hakuna kungoja mtu.

Aprili hii, Onyancha alipiga. "Mama Liz, huku imenyesha siku mbili na haijakatika." Kwetu palikuwa pakavu, nguo zinakauka kwenye kamba. Boaz alisema kwa simu wamsubiri hadi jioni. Caren, jirani, aliegemea ua akauliza, "Sasa unatoroka jua?" Dorine, ambaye hapendi kubishana na mtu, alifunga pipa kwenye bodaboda, akamchukua Liz na Mama, akaondoka. Hapakuwa na wewe pale langoni wa kumwambia yuko sawa au amepotea, na hilo, Baba, ndilo tulilolikosa kuliko vyote.

Mto ulikuja kabla jua halijatua. Caren alitufuata kanisani mlimani na viatu mkononi, tukala naye unga wako.

Liz alilala bila maumivu. Dorine alipomaliza kumfunika alishika simu akupigie, maana ungekuwa umekaa na yako mkononi ukingoja. Akakaa nayo tu. Kwenye mazishi yako hakulia, alikuwa na sufuria za wageni. Alilia hapo, mbele ya watu wote, na Mama akamshika.

Wanaokukumbuka, na watakaokukumbuka siku zote, ni mkeo Filister. Wanao Boaz na Irine. Mjukuu wako Liz. Na mkwe wako Dorine, nyar Rusinga, ambaye ameomba neno la mwisho liwe lake:

Baba, tulitoka mapema. Liz hakulowa hata soksi.