Picha Mia Moja Sitini na Tatu

Jumapili, 4 Mei

Kanisa, chai, nguo. Nimefua zote na mvua ikaja. Zimetundikwa ndani, nyumba nzima inanuka sabuni.

Laptopu imeanza kulia tena, kama mtu anayesaga mahindi. Mwaka wa nane huu niko nayo. Picha zimeijaza hadi shingoni. Harusi ya Kariuki, nyumba ya Kariuki, ng'ombe wa Kariuki. Watoto wa Muthoni tangu meno ya kwanza. Mimi ndiye mtunzaji wa picha za familia. Hakuna kikao kilichonichagua. Kaka yangu Kariuki alisema tu, "Njoki hana watoto, ana wakati." Dada yangu Muthoni akacheka. Na mimi nikacheka, mjinga mimi.

Leo nimefungua folda ya Mama. Picha mia moja sitini na tatu, zote za mwaka wake wa mwisho. Nilizipiga nilipokuwa nikienda kwake kila Jumamosi, kule nyumbani ng'ambo ya Thika. Wengine wana picha zake za zamani. Za mwaka ule ninazo mimi peke yangu. Mama akichambua maharagwe. Mama na kile kitambaa cha kijani. Mama akigombana na kuku. Za mwisho mwisho ni mbovu, kidole mbele ya lenzi, ukungu mtupu. Nilitaka kuzifuta nipate nafasi. Nikachoka. Siku nyingine.

Jumanne, 6 Mei

Kariuki ameandika kwenye grupu ya familia. Ukumbusho wa Mama, mwaka mmoja, ni Jumamosi tarehe 24. Kaburi litawekwa vigae. Kutakuwa na hema, mchungaji, na projekta ya kuonyesha picha za siku zake za mwisho. "Njoki ataleta picha." Si tafadhali, si umeshindaje. Nimejibu sawa. Muthoni ameweka dole gumba. Basi.

Nimenunua diski ya nje. Ndogo, inaenea kiganjani. Pale saiba, duka la intaneti na uchapishaji ninakofanya kazi, Ruiru, nawahubiria wateja kila siku: weka nakala mbili, mama, weka nakala mbili, mzee. Leo kuna mama alikuja kuchapisha programu ya mazishi ya mumewe. Picha pekee aliyonayo iko kwenye simu iliyopasuka kioo. Nilimwonea huruma. Pia nilijiona mwerevu kumzidi. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli.

Alhamisi, 8 Mei

Stima ilipotea saiba saa tano asubuhi. Nikarudi kwangu Gatongora, nikakuta huku ipo. Nimehamisha picha mchana kutwa.

Sikunakili. Nilikata na kubandika, maana nilitaka laptopu ipumue. Kwenye diski kuna folda moja kubwa, Familia. Ndani yake kila mtu na folda yake, kwa jina lake. Rahisi.

Kompyuta inasumbua na maswali. Faili hii ipo tayari, niweke mpya mahali pa ile ya zamani? Naam. Muthoni hunitumia picha zilezile kila Krismasi, kwa hivyo kila kitu ninacho mara tatu. Naam. Naam. Mwishowe nikabonyeza naam kwa zote.

Lakini nimehakikisha. Za watoto sikuzihesabu, hizo ziko kwa simu ya kila mtu. Nilihesabu za Mama. Folda ya Wambui, ndilo jina lake: mia moja sitini na tatu. Kamili. Basi nikaifuta laptopu yote, nikaisimika upya kwa programu mpya, nikarudishia kazi zangu za saiba. Hailii tena. Nimekula ugali na sukuma nikiwa na raha ya mtu aliyefagia nyumba.

Jumamosi, 10 Mei

Nilifungua folda ya Wambui nichague picha ishirini za projekta.

Keki. Maputo. Mtoto wa miaka tisa na taji la karatasi.

Nikashuka. Keki ikikatwa. Keki ikiliwa. Muthoni na mume wake. Watoto mdomoni krimu tupu. Nikafunga, nikafungua tena. Keki.

Nimekaa kitako sakafuni kama nusu saa hivi. Sasa naelewa. Afadhali nisingeelewa.

Tuna Wambui watatu. Mama ndiye wa kwanza. Kuna Wambui wa Kariuki, kwa sababu mwanamume humpa binti yake wa kwanza jina la mama yake. Kuna Wambui wa Muthoni, kwa sababu binti wa pili huitwa nyanya wa upande wa mama. Kwetu mtu haondoki kabisa, hurudi kwa mjukuu. Na mimi nilikuwa na folda mbili zilizoitwa Wambui, moja ndani ya Nyumbani, moja ndani ya Sherehe. Nikazitia zote mbili ndani ya Familia. Kwanza Mama. Kisha sherehe ya mtoto. Kamera ni ileile ya saiba, na kila nikisafisha kadi inaanza kuhesabu picha kutoka moja. Picha ya kwanza ya Mama na picha ya kwanza ya keki zina jina moja. Ya pili na ya pili. Kompyuta iliniuliza kwa adabu. Nikasema naam kwa zote.

Kadi ya Mama, niliyoitenga kwa Jumamosi zake mwaka mzima, nilishaisafisha zamani, nikapigia watu picha za pasipoti.

Wenzangu walimrudisha Mama, kila mmoja na Wambui wake. Mimi sikuwa na wa kumpa jina. Nilikuwa na picha tu. Nimemfuta.

Jirani anapika chapati. Nasikia mwiko ukigonga kikaango. Hakuna mtu wa kumwambia.

Jumatatu, 12 Mei

Jana sikuenda kanisani. Hakuna aliyeuliza.

Leo Muthoni ameuliza kwenye grupu kama picha ziko tayari. Nimejibu, "Bado nazipanga." Uongo mtupu. Na kauso kadogo kanachocheka nikaweka.

Kazini nimechapisha programu tatu za mazishi. Wafu wote wana picha nzuri.

Jumatano, 14 Mei

Nimeomba ruhusa, nikaenda Thika kwa fundi wa kompyuta, juu ya duka la viatu. Mtu mzima, miwani, mpole. Nikamwekea laptopu na diski mezani. Nikamweleza yote mara moja bila kupumua.

Akauliza kama laptopu niliisimika upya. Ndiyo. Baada ya kuisimika nilijaza vitu vingine? Ndiyo. Na kwenye diski pia? Ndiyo, ndiyo.

Akavua miwani. Mtu akivua miwani hivyo, jua huna lako.

Hata hivyo alijaribu karibu saa nne. Nilikaa kwenye stuli nikitazama viatu vya watu wakipanda ngazi. Alipata vipande. Picha moja ilifunguka juu tu: paa la mabati, kipande cha anga, halafu kijivu hadi chini. Paa la kwetu. Chini ya kile kijivu ndipo Mama alikuwa ameketi. Najua, kwa sababu ni mimi niliyepiga.

"Pole sana, mama," akasema. Akaniletea chai. Nikainywa ikiwa moto, nikaungua ulimi, nikafurahi kuungua.

Kutoka pale ningeweza kwenda nyumbani kuliona kaburi. Sikuenda. Ningemwambia nini?

Ijumaa, 16 Mei

Niliandika ujumbe, nikaufuta, mara tano. Halafu nikautuma saa ya chakula nikiwa nimesimama nyuma ya mashine ya fotokopi. "Picha za Mama zimepotea. Ni makosa yangu. Fundi ameshindwa. Nisameheni."

Wote wamesoma.

Baada ya saa nzima, Kariuki: "Zote?"

"Zote."

Halafu Muthoni akapiga simu. Hakusalimia. "Aki Njoki. Hauna mtoto, hauna bwana. Hiyo moja tu ndio tulikuachia."

Nikakata simu.

Ati mliniachia picha? Mliniachia Mama. Kila Jumamosi mwaka mzima. Nani alimwogesha? Nani alimkata kucha za miguu? Nani alijua anataka uji usio na sukari na baadaye anakataa kwa sababu hauna sukari? Mlikuwa na watoto, mlikuwa na mitihani ya watoto, mlikuwa na harusi za watu. Sawa. Sikusema kitu. Nilipiga picha ili mje mumwone. Hamkuwahi kuomba hata moja hadi kulipokuwa na projekta.

Hayo yote sikumwambia. Nimeyaandika hapa, mahali pasipo na mtu.

Jumamosi, 17 Mei

Mvua tangu asubuhi. Mchana nilifungua ile folda niibadilishe jina. Si ya Mama tena, ni ya Wambui wa Muthoni, basi iitwe hivyo. Chini pameandikwa idadi. Mia moja sitini na tatu.

Nikaitazama ile namba. Ni ileile iliyonidanganya siku ile. Lakini sherehe ya mtoto nilipiga picha mia moja arobaini. Nakumbuka vizuri, nilimchapishia Muthoni albamu ya nafasi mia moja arobaini na hakuna iliyobaki wala kupungua.

Kwa nini basi mia moja sitini na tatu?

Nikashuka hadi mwisho kabisa. Keki zikaisha. Mia moja arobaini na moja haikuwa keki. Picha za keki hazikutosha kuzifunika hizo za mwisho za Mama. Ishirini na tatu zimebaki. Ni zile mbovu.

Nimezifungua moja moja. Ya kwanza ni kidole. Ya pili ni kidole na sakafu. Ya tatu ni mgongo wa mtu aliyeinama kwenye jiko akipuliza moto. Sweta ya bluu. Ni mimi.

Halafu nikakumbuka. Ilikuwa Jumamosi moja karibu na mwisho. Nilimwelekezea kamera, akanipokonya. "Kila siku unanipiga mimi tu. Kwani wewe huna sura?" Nikamwonyesha pa kubonyeza, nikaenda zangu jikoni. Nilidhani ameiweka chini. Kumbe alikuwa nayo kifuani mchana wote, akibonyeza.

Mimi nikiosha sufuria. Mimi nikimenya viazi, kichwa kimekatwa. Mimi nimelala kwenye kochi, mdomo wazi kabisa, haya tupu. Mimi mlangoni nikicheka na mtu aliye nje, sijui ni nani. Mimi nikifunga viatu niondoke. Mimi nikienda kwenye njia ya lango. Mimi mdogo zaidi. Mimi sionekani, ni lango tu, lakini bado amebonyeza. Mara nne lango tupu.

Mama hayuko kwenye hata moja.

Nimelia kwa sauti. Jirani akapunguza redio, labda asikie vizuri. Asikie tu. Miaka hii yote nilidhani hakuna anayeniangalia.

Jumamosi, 24 Mei

Nimerudi jioni, matope hadi magotini.

Projekta ilionyesha picha za simu za watu. Mama kwenye harusi ya Kariuki, Mama kwenye ubatizo, Mama mnene mwenye afya. Watu walipiga makofi. Kwenye kaburi wameweka picha ya kitambulisho, ikakuzwa. Amekasirika kidogo kwenye hiyo picha. Inamfaa.

Baada ya maombi, picha za kaburini, kama kawaida. Mimi na kamera. Mchungaji akaita makundi. Wajukuu. Wakaja. Wambui wote! Wakaja wawili, wakasimama pande mbili za kaburi, kila mtu akasema ona Shosho, nyanya yao, alivyorudi. Nikapiga. Watoto wa marehemu. Kariuki na Muthoni wakasimama. Nikainua kamera. Kwenye kioo niliwaona wawili wakinitazama, na pengo katikati yao.

Kariuki akasema, "Na wewe je? Kuja hapa."

Mchungaji akachukua kamera. Nikasimama pale katikati. Muthoni akanishika kiwiko, akanishika kwa nguvu, hata imebaki alama.

Kule nyuma ya hema nilimwonyesha zile ishirini na tatu, nilizokuwa nimezinakili kwenye kadi ya kamera. Alizitazama zote. Kwenye ile nimelala mdomo wazi akacheka hadi akafuta macho. Kwenye malango hakucheka. Akauliza zilikuwa Jumamosi ngapi hizo nilizokuja. Nikamwambia zote. Akanirudishia kamera.

Jumapili, 25 Mei

Jua. Nguo zimekauka kabla ya saa sita.

Mchungaji amenikata nusu. Kariuki yuko, Muthoni yuko, na katikati yao kuna bega langu na sikio moja. Sijaifuta.

Zile ishirini na tatu nimeziwekea folda yake. Jina sikuandika Wambui. Nimeandika Njoki. Nakala moja iko kwenye diski, moja kwenye flashi nitakayoacha kazini, moja nimemtumia Muthoni aniwekee kwake Thika. Nilipobandika, kompyuta haikuuliza chochote. Nilingoja hata hivyo.

Muthoni amejibu, "Zimefika. Umekula?"

Nimemwambia bado. Nikaenda kuanua nguo, halafu nikaweka maji ya ugali.