Muguu yangu haiko ya chorale

Baba Dodo,

Mboga ya sombe iko mu sufuria. Bukari, utajipikia weye mwenyewe. Niko na kasirani!

Leo asubui mbele ya docteur wako, ule unataka anipasule muguu, niliuliza tu: "Ulishapasula miguu ngapi?" Njo weye ukajibu pa fasi yake: "Anaimbaka sauti ya basse na minye mu chorale ya kanisa!" Tena ukanikanyaga chini ya meza, pa ule ule muguu wa bugonjwa. Docteur mwenyewe akasema ukweli: "Mama, minye napasulaka matumbo."

~~Sitarudia tena ku nyumba.~~ Nitarudia saa kumi. Naenda Shituru kwa munganga mwenye alipasula muguu ya jirani yetu Henriette. Henriette anatembea mpaka ku soko bila fimbo.

Unichemshie maji ya kukanda muguu. Na kama unapenda sana sauti ya rafiki yako, umupatie muguu yako weye apasule.

Mama Dodo