Pointi za Marehemu Zinapanda

Mpendwa mshauri Bi Zuleha, naomba msaada, na naanza na kilichopotea: Jumapili tarehe 12 Aprili zilipotea pointi 24,360 za marehemu mdogo wangu Saburi, siku ya arobaini yake, tulipochomoa mashine ya gemu barazani kwake hapa Nachingwea ili tupate pa kuchomeka spika ya kisomo. Ni ile mashine kubwa ya zamani, unasimama unatungua vyombo vya angani vinavyoshuka kwa mistari, na ukiizima inasahau kila kitu, ndiyo maana Saburi aliifungia hadi betri ya sola, na aliyechomoa ule waya ni mimi. Nikalia jikoni kwa sauti, watu wakasema Shakila kachanganyikiwa, analilia namba.

Mimi si mtu wa mashetani, duka langu la spea za baiskeli nimelianza na boksi moja la tyubu, najua kuhesabu. Saburi alikuwa na gemu hiyohiyo ndogo ya nyumbani, ya kuchomeka kwenye TV, nayo inatunza pointi hata ikizimwa. Ilikuja kwangu na mizigo yake, pamoja na mjane wake, wifi yangu Hajira, anayekaa eda kwangu. Mwezi uliopita nikaiwasha niijaribu, maana Faridi wa Mandawa anaitaka, nikakuta juu kabisa SBR, herufi za Saburi, 24,360. Namba ileile! Kesho yake 24,390. Keshokutwa 24,420. Kila siku thelathini, haizidi haipungui, na nikirudi kutoka dukani nasikia tangu getini piu, piu, piu, nikiingiza ufunguo kimya, TV imezimwa lakini mgongoni ina joto, na nikiiwasha nakuta chombo kimoja kimebaki kona ya kushoto, vilevile alivyokuwa akikiacha Saburi na kusema, "Dada, hicho usikipige, kinapeleka habari kwao."

Nikamuuliza Hajira, "Wifi, umegusa gemu?" Akasema, "Wifi, si nipo eda?" Basi, nikamtoa kwenye hesabu. Jumatano nikampeleka kliniki, nyumba nimefunga kwa mkono wangu, asubuhi ilikuwa 24,930, tumerudi ni 24,960.

Faridi anakuja Ijumaa saa nne asubuhi. Niuze, au nimwite shehe aisomee? Sitaki kuzungushwa.

Shakila, Nachingwea

*

Shakila, pole kwa msiba, na pole ya pili kwa masikio yako. Umehesabu kila kitu ukamruka mtu anayeshinda humo ndani. "Si nipo eda?" ni jibu hilo? Mteja akikuuliza "si nilikuja jana?" ndiyo umeshajua anataka tairi namba ngapi?

Hajira alikusikia ukilia jikoni. Mimi naona alikaa na kile kijiti cha gemu alichokuwa akishika mumewe mpaka akakurudishia namba yako, halafu akashindwa kuacha: chombo kimoja, pointi thelathini, kila siku ya eda yake. Haendi sokoni, haendi kwenye ngoma, na wewe ukirudi unapapasa mgongo wa TV badala ya kumuuliza ameshindaje. Una aibu wewe? Unamwogopa aliyekufa, aliye hai humwoni.

Usiuze. Hicho kitu si chako, ni cha mjane. Mpigie Faridi leo abaki hukohuko Mandawa, na shehe mwache na shughuli zake.

Hilo la Jumatano siwezi kukueleza, wala sitajifanya naweza. Kwa hiyo Ijumaa, kabla ya saa nne, kaa na Hajira mkekani, TV ikiwa imezimwa, umuulize: "Ni wewe?" Usikubali swali juu ya swali. Ndiyo au siyo. Akisema ndiyo, mpe chai, ukae pembeni umtazame akicheza. Akisema siyo, mshike mkono, washeni wote wawili, na kile cha kona ya kushoto msikipige.

Simu yangu itakuwa wazi. Saa nne na nusu nataka neno moja tu kutoka kwako: ni yeye, au si yeye?