Moshi Juu ya Bur Madow

Jumatatu, 6 Februari 1967

Samahani kwa kunyamaza muda wote huu. Najiomba radhi mwenyewe, maana hakuna mwingine wa kusoma. Tangu askari watuingize ndani ya ua huu wa miiba na waya sijashika kalamu. Maji. Kuni. Foleni ya unga. Sahra anaota meno, ananiuma ziwa.

Jioni nimeuona tena moshi wa mama mkwe kule juu ya Bur Madow. Mwembamba, wa muda mfupi. Anafukiza vyombo vyake vya maziwa kwa makaa, kama kila jioni ya maisha yake. Basi yu hai, na mbuzi wake bado wanakamwa. Tulipoamriwa kuingia kijijini alikataa. Alisema yeye si kuku wa kufungiwa. Akaswaga mbuzi wake, akapanda mlima.

Kijiji kizima kinaujua moshi ule. Ila wenye macho si sisi peke yetu.

Jumanne, 7 Februari

Askari wametangaza getini. Ijumaa wanapanda mlima. Wameona moshi. Atakayekutwa kule ni shifta, mwasi, awe mwanamume au mwanamke.

Nilimwendea koplo. Nikamweleza kwamba ni mama wa mume wangu, mzee, anafukiza vyombo tu. Akacheka. "Bibi kizee akae mlimani peke yake? Anawapikia akina nani huko?" Mkalimani, kijana wa kwetu kabisa, akacheka naye. Sasa wanajua kuna mtu, na wanajua ni wa nyumba gani. Heri ningefunga mdomo.

Narudi nyumbani, Abdi anakunywa chai. Mama ni wake, si wangu! "Hooyo atashuka mwenyewe akiwaona askari." Atashuka? Mwanamke ambaye hajawahi kumpisha hata ngamia njiani? Nikasema basi nitakwenda mimi. Hakukataa. Hilo ndilo lililonichoma.

Najua mwanamume akionekana nje ya ua anapigwa risasi. Sisi wanawake tunatolewa asubuhi kuokota kuni, tunarudi kabla geti halijafungwa alasiri. Najua yote hayo. Bado nina hasira naye.

Jumatano, 8 Februari

Nimepanga hivi. Kesho natoka na wanawake wa kuni. Nafuata laga, mto mkavu, mpaka mguu wa mlima. Njia ya mbuzi ni rahisi lakini inatazamana na kambi. Nitapanda kwa korongo la upande wa pili. Miiba mingi, lakini lina kivuli. Nifike juu kabla jua halijawa kali. Maneno machache. Nishuke naye.

Maneno machache, na yule mwanamke! Nimejicheka mwenyewe.

Halima, jirani yangu, atanikatia kuni na kuningoja kwenye laga, nisirudi mikono mitupu getini wakaniuliza. "Ukikawia nitawaambia umepata bwana shifta," alisema, "tena mzuri kuliko Abdi." Nilicheka. Sijacheka siku nyingi.

Abdi anataka Sahra abaki kwa shangazi yake. Abaki anywe nini? Hajui kitu ila ziwa. Tena bibi akimwona mjukuu huenda moyo ukalainika. Kwa hiyo nabeba mtoto mgongoni, kiriba kimoja cha maji, tende kwenye pindo la shuka. Viatu sina. Abdi amevua akala zake, akaziweka karibu na mlango. Kubwa. Nimezifunga kwa kamba.

Sijamsamehe.

Alhamisi, 9 Februari

Tumerudi. Siwezi kuandika.

Ijumaa, 10 Februari

Bunduki zinalia mlimani tangu asubuhi. Wanapiga nini? Mawe. Mama mkwe ameketi hapa ndani kwangu, amenipa mgongo.

Jana korongo lilinichana miguu. Sahra alilia, nikamnyonyesha nimesimama, nimeegemea jiwe, nikiomba Mungu sauti isifike kambini. Nilipofika juu nikageuka kutazama. Nchi yote imetandazwa, na kijiji chetu kule chini ni zizi. Zizi kabisa. Nilikuwa nimechoka lakini hasira ilinipa miguu mingine.

Alinitazama kama mtu aliyechelewa kuleta maji. "Umekonda. Hawawalishi?"

Nikamwambia yote. Askari, Ijumaa, moshi.

"Moshi wangu umemtoa nani macho?"

Nikamwomba basi ashuke, au hata aache kufukiza. "Maziwa ya chombo kisichofukizwa mpe koplo wako." Akamchukua Sahra, akamnusa shingoni. "Njoo kwa ayeeyo, bibi yako. Huyu niachie. Wewe rudi ukale unga wa serikali."

Jua lilikuwa linapanda. Sikubembeleza. Nilimtwaa mtoto mikononi mwake, nikamfunga mgongoni. Nikavuta miiba ya zizi lake. Nikamshika pembe yule mbuzi jike anayewaongoza wenzake, nikamburuta mpaka kwenye korongo. Wengine wakafuata. Sikugeuka nyuma. Baadaye kidogo nikasikia fimbo yake ikigonga mawe, na matusi. Alitukana miguu yangu, akatukana mahari yangu, akamtukana aliyenifundisha kusoma. Mimi asingenifuata popote. Mbuzi wake angewafuata hata motoni.

Getini askari wakawachukua mbuzi wote. Hawana kibali, wakasema. Mama mkwe alimshika yule mbuzi wa mbele shingoni, karibu wamvunje vidole kumwachisha. Yeye walimpitisha. Mzee tu, wakasema. Sasa ni mzee tu!

Nilijua watawachukua. Nilipoishika ile pembe kule juu nilijua. Ningefanya tena.

Alasiri askari wamerudi wakiimba. Wamevunja kambi ya adui. Wamemwonyesha kila mtu walichoteka: sufuria ya mama mkwe, yenye masizi, na mkeka wake.

Jumapili, 12 Februari

Hajanisemesha. Leo asubuhi alimpakata Sahra, akamsugua fizi kwa kidole mpaka akalala. Nilifua. Abdi amekaa kando ya mama yake.

Lori la Garissa linaondoka kesho. Dereva atamfikishia kaka yangu ujumbe. Vitu ninavyohitaji bado: sukari. Majani ya chai. Sabuni ya kipande. Dawa ya macho ya mama mkwe. Shuka moja nzito, kwa ajili yake. Mbuzi jike mmoja mwenye maziwa, hata akiwa mzee, pamoja na kibali chake. Kibali kiandikwe jina la mama mkwe, si la Abdi.