Kitabu cha Reli Nilichokuletea, Baba

Mpendwa Baba,

Kitabu kile nilikinunua Tabora shule zilipofungwa. Kilikuwa kwenye rafu ya chini dukani, kimebanwa na vitabu vya kilimo cha pamba. Kinaeleza habari za reli zilizoachwa, njia zilizong'olewa na stesheni zilizoota majani. Nilikuwa nakipekua tu, mara nikaona picha, na chini yake jina la Kinyangiri, kwetu Iramba. Nilikaa sakafuni palepale.

Mwalimu Rehema, niliyekuwa naye, alinishangaa. "Mzee hajui Kiingereza, unampelekea kitabu? Mpelekee blanketi."

Nilimwambia nitakusomea mwenyewe, nikigeuza kwa Kiswahili. Sikumwambia kwamba vijana wa kijijini walikuwa wanakucheka kila ukisema treni iliwahi kufika Iramba. Nilitaka uwafungulie ule ukurasa, unyamaze, waone wenyewe.

Maana mimi nilikuamini tangu mdogo. Ulikuwa ukinishika mkono tunapita juu ya tuta la reli, mataruma hayapo, reli haipo, na bado ulitembea kama mtu anayesikiliza nyuma yake. Ulinionyesha mahali genge lenu la wajenzi wa reli lilipokaa, na mahali Mama aliposimama na ungo wa karanga, wewe ukanunua kila siku ingawa karanga hupendi. Nikakuuliza reli ilikwenda wapi. Ukasema, "Tuliambiwa tuing'oe, ipelekwe kusini. Niliitandika kwa mikono hii, nikaing'oa kwa mikono hii."

Uhuru ulipokuja ulifurahi kuliko watu wote. "Sasa serikali ni yetu, reli itarudi." Ulisema hivyo mwaka ule, ukasema mwaka uliofuata. Mama alipofariki, ulimzika kando ya tuta, ukajenga kibanda karibu yake. Ndiyo maana tulipoamriwa kuhamia kijiji cha ujamaa ulikuwa mtu wa mwisho kupanda lori. Mwenyekiti alikuja mwenyewe kukubembeleza. "Mzee, huko kuna bomba na zahanati." Ukamjibu, "Najua, mwanangu. Ila mke wangu habebeki."

Nilipofika likizo hii nilikukuta umelala, kifua kinakubana, na macho yamefunikwa na utando mweupe. Barua zako alikuwa anakuandikia Kaka, na hakuna mahali ulipomruhusu aandike kwamba huoni.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba. Umekuja na nini? Nasikia karatasi."

Nikakuwekea kitabu kifuani. Ulikipapasa jalada, ukakinusa, ukacheka kidogo. Nikakufungulia picha, nikakuelekezea kidole chako: hili bati la stesheni, huku reli inapinda, huu mti wa mgunga. Ulikuwa unaitikia, "Ndiyo. Ndiyo. Hapo hapo." Kisha ukauliza kwa sauti ya chini, "Na watu? Mama yako yumo?"

Baba, nilitamani sana kusema yumo. Niliitazama ile picha mpaka ikaingia ukungu. Hapakuwa na mtu hata mmoja, ni jengo na jua tu.

"Hayumo, Baba. Hakuna mtu."

Nikadhani nimekuumiza. Halafu ukasema, "Basi treni ilikuwa bado. Mama yako hakai juani bure. Akisikia honi ndipo anatoka."

Kesho yake asubuhi Kaka alikuletea uji, akatoka ndani akiwa na bakuli limejaa vilevile, akaliweka chini, akaniambia umetutoka usiku.

Tulimwendea mwenyekiti kumwomba tukuzike kule kwa zamani. Nilijiandaa kugombana. Yeye alivua kofia tu, akasema atakuwa mmoja wa wabebaji. Wakakubeba kwa zamu, wale wale vijana waliokuwa wakicheka, na walipofika kwenye tuta wakalifuata bila kuambiwa, kwa sababu ndiyo njia pekee iliyonyooka. Sasa umelala karibu na Mama. Kaka ndiye aliyetupa udongo wa kwanza. Mimi nilishindwa, akanishika mkono akanitupia.

Nakuandikia nikiwa ndani ya treni, nimepandia Manyoni narudi kazini. Mtikisiko unaniharibia mwandiko, nisamehe. Mama mmoja mtu mzima amekaa mbele yangu, ana kuku kwenye kikapu. Ameniuliza natoka wapi. Nikamwambia Iramba, kwa baba yangu.

"Na mzee hajambo?"

"Hajambo, mama," nikamjibu. Akafurahi, akasema nikirudi tena nimfikishie salamu zake. Nikaitikia, nikageukia dirishani.

Anakusalimu, Baba. Pumzika.

Ni mimi binti yako, kitinda mimba wako.